Fidia ya Masikio

Kabla hajafumbua macho, Bi Kasuku alijua kwamba mashine ya kusaga ya jirani imeshawashwa, maana kitanda kilimtetemekea mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuamkia. Saa ya mezani aliwahi kuwa nayo. Ilimlilia kila alfajiri miaka miwili mizima bila yeye kujua, mpaka wapangaji wenzake walipokuja kwa adabu kumwomba aiuze.

Akawasha jiko la mafuta, akabandika chai, akaweka kiganja juu ya mfuniko. Wenzake husikia chai ikichemka, yeye huishika. Akiwa bado na mkono pale, kitambaa chekundu kilichoning'inia juu ya kitanda kikaanza kucheza. Kamba ya kitambaa kile ilipita kwenye tundu la mlango mpaka nje, na mwenye shida naye aliivuta. Mgeni mpole alikifanya kinesenese. Leo kilirukaruka kama kuku aliyekanyagwa. Akajua ni mwenye nyumba.

Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, ila alifuga masharubu, na kwa Bi Kasuku mtu mwenye masharubu ni barua iliyolowa maji: unaokota neno hapa, neno pale, mengine unajijazia. Asubuhi ile aliokota "kodi", akaokota "kupanda", akaokota "kila kitu, mama, hata saruji". Halafu yule bwana, kwa kuwa alimjua anayesema naye, akamwonyesha kiasi kwa vidole, kisha akaweka kidole kimoja kwenye kalenda ya ukutani, juu kabisa ya siku ya mwisho wa mwezi.

Bi Kasuku akashika koo ndipo akajibu. Ule mkono kooni ni wa kupimia sauti. Asipouweka, hujikuta anapayuka mpaka watoto wa chumba cha pili wanaamka, au ananong'ona mpaka mtu amwinamie. Akasema leo ndiyo siku ya uhakiki wa fidia yake ya masikio, akigongewa muhuri atalipa kama kawaida yake. Mwenye nyumba akauliza, na asipogongewa? Akasema atagongewa, masikio yake hayajarudi. Yule bwana akacheka kidogo, akatazama dari kama fundi aliyekuja kukagua paa, akasema kuna mwalimu mmoja ameshakuja mara mbili kukiulizia chumba hiki. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Chumba chenyewe ungekipima kwa hatua nne. Kitanda, meza, masufuria matatu, ndoo ya maji, dirisha moja linalotazama ukuta. Lakini mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa kwa Bi Kasuku. Mwanawe alikuwa amemwambia mara nyingi, mama njoo ukae kwetu, na alisema kwa moyo. Tena aliwahi kukaa kwao miezi minne, sebuleni. Alingoja wote wamalize kutazama televisheni ndipo akatandika kochi, na alikunja shuka kabla hawajaamka. Mkwewe hakumtukana hata siku moja. Alikuwa tu akisema naye huku amempa mgongo. Sasa kwa mtu anayesikia kwa macho, kupewa mgongo ni kufungiwa mlango. Akarudi mwenyewe mjini kutafuta mlango wake.

Ufunguo ule, basi, ulitoka kwenye fidia, na fidia ilitoka kwenye masikio.

Miaka ishirini na sita alifuma nguo kiwandani kwa Shirika, shirika la serikali yenyewe. Mashine mia mbili katika ukumbi mmoja, kila moja ikirusha kichuma chenye uzi kulia na kushoto kwa kishindo cha nyundo. Mwaka wa kwanza masikio huvuma ukienda kulala. Mwaka wa tano huvuma hata siku ya mapumziko. Baadaye uvumi hukoma, unafurahia utulivu, mpaka siku mtoto analia nyuma yako na wewe unaendelea kukatakata vitunguu.

Ndani ya ukumbi ule hakuna aliyejisumbua kupiga kelele, angepasua pafu bure. Wafumaji waliongea kwa midomo, bila sauti, wakiifungua na kuifunga kwa mpangilio, hivi kwamba mtu wa mashine ya kumi na mbili aliweza kusengenywa kutoka mashine ya kwanza, na akajibu papo hapo. Huko ndiko Bi Kasuku alikopata jina lake. Mdomo wake haukupumzika, na zaidi ya umbea alipenda kutega vitendawili. Uzi ulikatika, akaunga, akatega. Msimamizi alipita katikati yao na kalamu sikioni, akidhani wanatafuna kitu.

Kiwanda kilipofungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na chama cha wafanyakazi kikahangaika mpaka wafumaji wakakubaliwa kulipwa fidia ya masikio kila mwezi. Shirika lilikuwa halina kitu, limebaki na mabati na deni. Serikali ikawa inalipa Shirika ruzuku, na kwa ruzuku hiyo Shirika linawalipa wafumaji. Mwenzake wa mashine ya jirani, waliyemwita Mrefu, alisema ni mtu mmoja anatoa fedha mfuko wa kulia anaingiza mfuko wa kushoto, na sisi tunakinga mikono katikati kudaka zinazodondoka.

Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye lango la kiwanda. Serikali inaipitia upya ruzuku inayolipia fidia hiyo, kwa sababu imeonekana majina ni mengi: huenda wengine walishakufa, huenda wengine hawakuwahi kuziba masikio. Kila mnufaika afike mwenyewe na kadi yake. Atakayethibitika atagongewa muhuri. Kadi isiyo na muhuri haitalipwa.

Alimpitia Mrefu nyumbani kwake, nyuma ya soko, wakashikana mikono. Mrefu alikuwa mwanamke wa mifupa mirefu, aliyeinama kidogo siku hizi kama mlingoti uliolegea. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mwaka uliopita. Ukimtazama unaona weupe katikati ya jicho. Kwa mfumaji, hilo ni kuziba masikio mara ya pili. Ukitaka kumwambia kitu, unachukua vidole vyake unaviweka midomoni mwako, unasema polepole, naye anasoma kwa ncha za vidole. Watu wa barabarani waliwatazama. Wao walishazoea kutazamwa.

Mrefu alijibu kwa midomo, maana Bi Kasuku alikuwa na macho yake yote. Alisema fidia ya miezi minne ijayo ameshaipangia, ni ya operesheni ya jicho moja. Jicho moja linamtosha, hataki makuu. Kisha akaomba wanunue mkate wagawane. Bi Kasuku akanunua, akautazama kwenye kiganja, akaviweka vidole vya Mrefu midomoni mwake, akasema mkate umekonda, ila bei imenenepa. Mrefu akacheka mabega yakitikisika.

Uhakiki ulifanyika katika bwalo la zamani la chakula, ndani ya uzio wa kiwanda. Vumbi la pamba lilikuwa bado kwenye pembe za madirisha, la miaka na miaka, limeganda kama unga. Mabenchi yalijaa: wanawake kama themanini, na wanaume wachache waliokuwa mafundi. Mbele paliwekwa meza. Nyuma ya meza alikaa mhakiki kutoka wizarani, kijana wa miwani na tai, mwenye viatu ambavyo vumbi lilikuwa bado halijavijua. Kando yake alisimama karani wa Shirika, mtu wa makamo waliyemfahamu tangu enzi za bahasha za mshahara.

Bi Kasuku alichagua benchi la tatu, penye mwanga, akamkalisha Mrefu ubavuni. Kutoka pale aliona karani akimwinamia mhakiki na kusema kitu. Daftari lilikuwa limeziba nusu ya mdomo wake, akaokota tu "viziwi, bwana". Karani alikuwa na vipande vya karatasi vilivyoandikwa namba kubwa kwa kalamu nene, alitaka kuviinua juu. Mhakiki alitikisa kichwa, akamwonyesha ukurasa mmoja wa mwongozo, akaugonga kwa kidole. Karani akavirudisha vile vipande chini ya meza. Alivipanga kwanza, ndipo akavirudisha.

Akaanza kuita namba za awamu ya kwanza kwa mdomo.

Hapa ndipo ilipotokea. Zamani, zamu ilipobadilika, msimamizi alisimama mlangoni akisoma namba, na ambaye hakuitika upesi aliandikwa mtoro, siku yake ikaenda na maji. Kwa hiyo kila mfumaji alijifunza kukodolea macho mdomo wa msoma namba kama paka anavyokodolea shimo la panya. Miaka ishirini na sita ya woga huo haitoki mwilini kwa sababu kiwanda kimefungwa. Bi Kasuku aliona midomo ya karani ikiumba "mia nne kumi na saba". Ilikuwa namba ya Mrefu. Akampiga kiwiko cha mbavu.

Mrefu akasimama wima, urefu wake wote. "Nipo."

Muda si muda ikaja mia nne ishirini na mbili. Bi Kasuku hakusubiri hata karani afunge mdomo. "Nipo," akasema, tena bila kushika koo, na kwa jinsi mhakiki alivyoshtuka akajua sauti imetoka kubwa. Akakaa akiwa amejaa fahari. Aliwaona wenzake waliokaa nyuma ya nguzo, wengine wakipekua vikapu, wengine wamesinzia, namba zao zikipita juu ya vichwa kama ndege. Akawahurumia. Alijaribu kuwapungia mikono wawili watatu, ila namba zilikuwa zikienda upesi. Na mhakiki alikuwa akiandika: mara upande wa kulia wa karatasi, mara upande wa kushoto.

Walioitika waliitwa mezani kwa ishara ya mkono, mmoja mmoja. Mrefu alitangulia. Mhakiki alisema naye maneno machache, akaandika, akamrudishia kadi, na karani akamshika kiwiko kumwongoza mpaka mlangoni. Bi Kasuku akafuata, kadi mkononi, imefunguliwa tayari mahali pa muhuri.

Mhakiki hakuwa na masharubu. Alikuwa na midomo safi, ya kusomeka vizuri, kama kitabu cha shule.

"Hongera, bibi," alisema. "Masikio yako yanafanya kazi."

"Hayafanyi, mwanangu."

"Umeitwa, ukaitika. Kutoka benchi la tatu."

"Nimeona midomo. Sisi tunasikia kwa macho."

Kijana akaitazama fomu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Fomu hii haiulizi habari za macho."

Bi Kasuku akahisi koo linatetemeka chini ya mkono wake kabla hajajua kwamba anasema. Akamwambia, basi geuka ukutani, uniite tena. Na kwa haki ni lazima isemwe, kijana aligeuka. Alisimama akiwapa mgongo, shati limelowa jasho katikati, na Bi Kasuku akasubiri. Aliona mashavu yake yakicheza kwa nyuma. Hakuelewa neno. Alisubiri mpaka yule kijana akageuka tena.

"Nimekuita mara tatu," alisema.

"Umeona?"

"Bibi, kunyamaza hata mimi naweza."

Karani akaingilia. Alieleza kwa midomo mipana, taratibu, kama walivyomzoesha, kwamba wizara imeagiza ruzuku ipungue theluthi nzima, na njia iliyochaguliwa ni hii. Aliyeitika ameandikwa kulia: anasikia, hastahili. Bi Kasuku akauliza, na wale wasioitika? Karani akamtazama mhakiki, na mhakiki ndiye aliyejibu.

"Hao hawapo."

"Wamekaa pale."

Kijana akayatazama mabenchi. Akayatazama muda mrefu kidogo kuliko alivyopaswa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na bila miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyekosa usingizi wiki nzima.

"Hawakuitika," akasema. Kisha, akiwa ameinama kwenye karatasi kiasi kwamba Bi Kasuku ilimbidi naye ainame ili auone mdomo: "Mstari huu sikuuchora mimi, bibi. Nimepewa niufuate."

Alipewa kikaratasi cha rufaa. Karani alimwekea mkononi na kuharakisha kugeukia daftari. Kikaratasi kilisema asiyeridhika awasiliane na ofisi ndani ya siku kumi na nne. Chini yake palikuwa na namba ya simu, na maneno kwamba kupiga ni bure, na kwamba maelezo ya barua hayapokelewi. Bi Kasuku alikisoma mara mbili. Alitaka kumwuliza karani, nipige simu nisikilize kwa kipi? Lakini shingo ya karani ilikuwa imeinama sana, na alikuwa amesimama pale tangu asubuhi akiita watu wasiosikia. Akakikunja kikaratasi akakitia kwenye kadi.

Aliporudi kuchukua mfuko wake kwenye benchi, macho yote yalimfuata. Midomo ikaanza kumwuliza kutoka kila upande, bila sauti, kama enzi zile. Kuna nini? Mbona Mrefu ametolewa? Wanagonga? Awamu ya pili itaitwa sasa hivi, tufanyeje? Wanawake sitini, wote wamemkazia macho, na mhakiki mbele yao anapanga karatasi zake akidhani ukumbi umetulia.

Bi Kasuku alitafuta la kuwaambia. Wakiitika, wanasikia. Wasipoitika, hawapo. Aliligeuza huku na huku akitafuta upande wenye mlango, asiuone. Mwishowe akafanya lile alilolizoea uzi unapokatika.

"Kitendawili," akasema kwa midomo.

"Tega," wakajibu, midomo sitini.

"Nikiitika, simo. Nisipoitika, simo."

Wakafikiri. Mmoja akajaribu "maiti", mwingine akasema "mke mwenza", wa tatu akasema "mshahara". Yote akayakataa. Hatimaye mama mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa mpanga nyuzi zamani, akasema wameshindwa, atapewa mji. Bi Kasuku akauliza, mji gani. Yule mama akasema mji wenye hospitali ambayo kipimo chake cha masikio hakijaharibika.

"Nimeutafuta, sikuukuta," Bi Kasuku akasema. "Jibu ni mfumaji."

Mabega ya benchi la mbele yakaanza kutikisika, yakafuata ya pili, mpaka ukumbi mzima ukawa unatikisika, na wengine wakijifuta macho kwa ncha za nguo, na humo ndani isisikike hata pumzi. Mhakiki aliinua kichwa, akaona wanawake wanacheka, akageuka kutazama nyuma yake kama kuna kitu ukutani. Hakikuwapo. Karani akafungua daftari ukurasa wa awamu ya pili. Vicheko vikakoma, shingo zikanyooka, na macho yote yakarudi kwenye mdomo wake, kwa woga uleule, wasijue kama wautazame au waufumbie macho.

Mrefu alikuwa amesimama nje, kwenye kivuli cha ukuta, kadi yake ameifungua viganjani. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya karatasi, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, akitafuta wino mbichi wa muhuri. Alipohisi mkono wa Bi Kasuku begani, akauliza kwa midomo, wamegonga wapi? Mbona siupati?

Bi Kasuku akavichukua vile vidole akaviweka midomoni. Vilinuka mkate. Akamwambia yote kama yalivyokuwa: kulia na kushoto, wameandikwa wanasikia. Halafu akasema lile lililobaki. Kwamba ni yeye aliyempiga kiwiko. Asingempiga, Mrefu asingeitika.

Vidole vikabaki palepale, havibanduki. Bi Kasuku akautazama uso wa mwenzake, yale macho meupe yakitazama mahali juu ya kichwa chake.

"Kumbe tumepona," Mrefu akasema. "Madaktari wamehangaika miaka yote hiyo, kumbe dawa ilikuwa kiwiko chako."

Akaikunja kadi, akaiingiza kifuani, akanyoosha mkono ashikwe. Bi Kasuku akaushika. Wakaanza kutembea kuelekea langoni, kwenye ile njia ya saruji iliyokuwa ya malori ya marobota, hatua ndogondogo, maana Mrefu hukanyaga kwanza ndipo aamini. Bi Kasuku alikuwa akipiga hesabu isiyo ya fedha: masufuria matatu atampa nani, meza itaingia sebuleni kwa mwanawe au haitaingia, kochi lile bado liko vile au limezidi kubonyea.

Walipokaribia lango, mlinzi akaruka kutoka kibandani. Alikuwa akipunga mikono yote miwili, uso umemvimba, anawatazama wao na anatazama nyuma yao. Bi Kasuku akahisi mtetemo mdogo kwenye nyayo, ule wa injini, na Mrefu naye akauhisi, akasita.

Mlinzi hakuwa na masharubu. "Piteni kando, gari la wizara hilo," mdomo wake ulisema. "Linapiga honi tangu kule. Linachukua karatasi za awamu ya kwanza. Kando, mama zangu, hamsikii?"

Bi Kasuku alimwelewa neno kwa neno. Akaushika vizuri mkono wa Mrefu, akauvuta karibu na mbavu zake, wakaendelea kutembea katikati ya njia, kwa mwendo wa macho ya Mrefu.